Saa ya Kujisomea

Mvua zilikuwa bado zinaendelea mke wangu aliporudi kutoka mjini na masanduku mawili ya bati, ya buluu, yenye sehemu ya kufuli. Aliyaweka sebuleni, moja juu ya jingine, kati ya kabati na mlango. Nilimuuliza ya nini.

"Ya kuwekea vitu," alisema.

Sikuridhika. Sanduku la namna ile halinunuliwi kwa ajili ya mashuka. Linanunuliwa mtoto anapokwenda kukaa mbali. Watoto wetu walikuwa wawili, na masanduku yalikuwa mawili.

Watoto hao, binti wa miaka minane na mdogo wake wa kiume wa miaka sita, walikuwa wakisoma nyumbani, na mwalimu wao nilikuwa mimi. Hatukuanza hivyo kwa kufuata mawazo ya mtu. Yule mdogo alirudishwa kutoka shuleni kwa sababu hakuweza kukaa kitini. Mwalimu wake, mama mpole mwenye wanafunzi wengi kuliko madawati, alituambia, "Mleteni tena akishajua kukaa." Dada yake akagoma kwenda bila yeye. Mke wangu ni mtumishi wa serikali. Anaondoka hapa kwetu Msalato kabla jua halijachomoza na kurudi limeshazama, na miezi ya Bunge la bajeti ndiyo mibaya zaidi. Mimi ni fundi, nafunga upya waya za mota za pampu za visima, na karakana yangu ni kibanda cha mabati mbele ya nyumba. Tulipatana kwamba ningewafundisha mpaka Bunge liahirishwe. Hapo mke wangu angepumua, angewapima mwenyewe, na kama asingeridhika wangekwenda Kibakwe kwa dada yake, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi. Wangeishi kwake na kusoma kwake.

Kibakwe ni mbali kwa mtoto wa miaka sita. Kwangu pia ni mbali. Nilijua wakienda hawatarudi baada ya muhula mmoja, kwa sababu shemeji yangu ni mwalimu hodari na nyumba yake ina utaratibu. Ningekuwa baba wa likizo.

Kwa hiyo niliichukulia kazi ile kwa uzito. Mimi niliishia darasa la saba. Mengine yote niliyapata kwa kusoma peke yangu: umeme, hesabu za vipimo, Kiingereza cha vitabu vya mashine. Niliyapata kwa ratiba, na niliamini kwamba kilichonifaa mimi kingewafaa watoto wangu. Nilichora ratiba kwa kalamu ya wino mzito, nikaibandika ukutani. Asubuhi hesabu, kisha kusoma, kisha imla. Mchana kupumzika. Kuanzia saa kumi alasiri, saa ya kujisomea.

Hiyo ya mwisho niliithamini kuliko zote. Niliwaingiza chumba cha nyuma, nikahakikisha kila mmoja amefungua kitabu, nikarudi karakanani. Saa kumi na moja nilikwenda kuwatoa. Katikati sikuingia kamwe. Niliona ni kosa kumkatiza msomaji.

Vipindi vya asubuhi vilikuwa mapambano. Mdogo alisoma silabi mbili akiwa mezani na ya tatu akiwa chini ya meza. Aliandika akiwa amesimama kwa mguu mmoja. Nikimwambia akae, alikaa kama mtu aliyekalia siafu. Dada yake alikaa vizuri, lakini kila ilipokaribia imla alikuwa na swali. "Baba, kwa nini pampu inavuta maji juu wakati maji yanapenda kwenda chini?" Nami ningeweka chaki chini na kueleza, kwa mchoro, mpaka muda wa imla unakwisha. Ilinichukua muda kushuku kwamba majibu yangu hayakumhusu sana.

Chumba cha nyuma kiliponyamaza alasiri za mwanzo, nilifurahi. Kilipoendelea kunyamaza, furaha ikaniisha. Watoto wale hawakuwahi kunyamaza hata usingizini.

Dalili ya kwanza ilikuwa sauti. Wakati wa chakula cha jioni binti yangu alizungumza kwa sauti iliyokwaruza kama ya mpiga debe wa stendi.

"Sauti yako imekwenda wapi?" nilimuuliza.

"Nimesoma sana, baba."

"Kujisomea ni kimyakimya."

"Ndiyo. Kimya kinakausha koo."

Mdogo wake aliinamia sahani, mashavu yamemjaa kicheko.

Dalili ya pili ilikuwa udongo. Mifuko ya kaptura ya mdogo ilikuwa na vidonge vya udongo mkavu, vimeviringwa vizuri, vingine ukubwa wa gololi. Aliniambia ni dawa. Nilipomuuliza ya nini, alifikiri, akasema ya mafua. Dalili ya tatu ilikuwa mkono. Alilalamika kwamba mkono wa kulia unamuuma kwa kuandika, lakini alipoonyesha panapouma alishika bega. Hakuna mtu anayeandika kwa bega.

Mota inapoungua huwa siifungui kwa pupa. Kwanza nainusa, naigusa, nasikiliza inapozungushwa kwa mkono. Niliziweka dalili zile pamoja kwa utaratibu huo huo. Udongo na bega sikuweza kuviunganisha na kitu, nikaviacha kando. Lakini sauti iliyokwaruza niliijua. Karibu na barabara kuu kulikuwa na chumba cha bati ambamo mwalimu mstaafu aliendesha twisheni za jioni, na ukipita hapo unasikia watoto wakiitikia kwa pamoja kwa nguvu zao zote. Mtoto anayeitikia vile kila siku lazima akaukiwe koo.

Nani angewapeleka twisheni bila kuniambia? Jibu nililokuwa nalo lilikuwa moja, na lilikuwa linalala kitanda kimoja na mimi.

Nikaanza kumchunguza mke wangu. Jioni moja, akivua viatu, aliniuliza, "Leo saa kumi walikuwa wanafanya nini?"

"Wanajisomea."

"Mh," alisema. "Vizuri."

Ile "vizuri" niliifikiria sana. Haikuwa na furaha ya mama aliyesikia watoto wake wanasoma. Siku iliyofuata niliona miche ya sabuni ya kufulia imewekwa ndani ya sanduku la juu. Baadaye kidogo, taulo mbili. Vitu vilikuwa vinaingia mle polepole, kama maji yanavyoingia kwenye kisima kipya.

Wakati huo huo nilikuwa na tuhuma nyingine, ndogo, iliyomhusu jirani yetu wa nyuma. Alikuwa mama wa Kigogo, mjane, mwenye shamba la uwele na mtama lililopakana na kiwanja chetu kwa uzio wa miiba. Watoto walimwita bibi. Tangu mvua alikuwa akituletea chakula: bakuli la mlenda mkavu, siku nyingine kibuyu cha maziwa mgando.

"Mbukwa," angesalimu kwa Kigogo mlangoni pa karakana.

"Mbukwa. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Haya, ya watoto haya. Wana nguvu, watoto wako!"

Nilipokea kwa mikono miwili na kushukuru, lakini sikuelewa. Tulikuwa tumeishi jirani miaka kadhaa bila mlenda. Sasa Msalato nzima ilikuwa inazungumzia ardhi. Tangu uwanja wa ndege uanze kujengwa, watu walikuwa wanahamisha uzio kwa hatua moja moja, na wengi walianza kwa ukarimu. Nilichukua futi kamba, nikaenda kupima upya mpaka wetu kutoka jiwe hadi jiwe. Ulikuwa vilevile. Nilipoinua kichwa nilimwona mama yule amesimama katikati ya uwele wake, mkono kiunoni, ananitazama. Nilimpungia. Naye akanipungia. Nilirudi nyumbani nikiwa na hakika zaidi kwamba ana jambo.

Alasiri moja niliamua kumaliza suala la twisheni. Niliwaingiza watoto chumba cha nyuma kama kawaida, nikaona vitabu vimefunguliwa, nikarudi karakanani nikawasha mota moja iendelee kuunguruma ili wajue nipo. Kisha nikatembea haraka hadi barabarani na kuchungulia dirisha la chumba cha bati. Watoto walikuwa wamebanana kwenye mabenchi wakipiga kelele za jedwali la sita. Nilipitia uso mmoja mmoja. Wangu hawakuwemo.

"Karibu, mzazi," alisema mwalimu mstaafu, akitoka na fimbo yake ya kuonyeshea ubao. "Unao wangapi?"

"Wawili."

"Walete. Wanasumbua?"

"Wanasoma nyumbani."

Alinitazama kwa huruma. "Basi sasa hivi hujui walipo," alisema, na kurudi ndani.

Nilikasirika, na nilipofika nyumbani nikavunja kanuni yangu na kuingia chumba cha nyuma katikati ya saa. Vitabu vilikuwa wazi kwenye ukurasa ule ule. Dirisha pia lilikuwa wazi. Ratiba ilikuwa ukutani na ilieleza kwa maandishi makubwa nitaingia saa ngapi na nitatoka saa ngapi. Nilikuwa nimelalamika kwamba hawaisomi.

Nilitoka kwa mlango wa nyuma. Kwenye uzio wa miiba palikuwa na upenyo, umesuguliwa na kupitwapitwa. Niliinama, nikapita, nikajikuta katikati ya uwele uliokuwa umenizidi kimo, na hapo nikasikia ile sauti iliyokwaruza ikipanda juu kabisa: "Tokaaa! Tokaaa, walafi nyie!" Kundi la ndege likanyanyuka kama shuka iliyokung'utwa.

Katikati ya shamba palikuwa na dungu, jukwaa la miti ambalo watu wa huku hujenga ili mtu aone shamba lote na kuwaamia ndege, yaani kuwafukuza, nafaka inapoanza kukomaa. Binti yangu alikuwa amesimama juu yake, anavuta kamba iliyofungwa makopo. Mdogo wake alikuwa na fimbo nyembamba. Alibandika kidonge cha udongo mbichi kwenye ncha, akafyatua kwa bega lile lile lililomuuma, na kidonge kikaenda mbali kuliko nilivyodhani mtoto wa miaka sita anaweza kurusha.

Nilifungua mdomo kuwaita. Kisha sikuita, kwa sababu ya kitu nilichokiona.

Ndege walikuwa wamehamia kwenye miti ya mbali. Mdogo aliweka fimbo magotini, akakaa. Alikaa amekunja miguu, mgongo umenyooka, macho kwenye miti ile. Nilisubiri aanze kujinyonganyonga. Hakujinyonganyonga. Nzi alitua shavuni mwake, naye hakumfukuza. Niliwahi kuona mafundi wazima wakishindwa kukaa hivyo wakisubiri kisima kijae. Nilishuku kwamba anaumwa.

"Leo umekuja kuwakagua wafanyakazi wangu?" sauti ilisema nyuma yangu. Alikuwa mama jirani, na kikapu kichwani.

"Shikamoo, mama. Nani amekupa watoto wangu?"

"Marahaba. Watoto niliomba, nikapewa. Mimi siibi watoto, wangu mwenyewe walinichosha."

"Sikumbuki kuombwa."

"Mlenda unaukumbuka?"

Nilisema naukumbuka.

"Ulifikiri nakulisha kwa sababu ya sura yako?" Alicheka mpaka akashika kikapu. "Hapa kwetu mtoto wa jirani akikuamia ndege, unapeleka kwao chakula. Wewe unakula, unalamba kidole, halafu unakuja na kamba kupima shamba. Nikasema, huyu mwanaume labda anataka ndege wasivuke mpaka."

Kwa desturi yake, nilikuwa nimelipwa tangu mvua, na nilipokea kwa mikono miwili. Lakini hofu yangu haikuwa hapo. Bunge lilikuwa limebakiza majuma machache. Watoto walikuwa wamepoteza alasiri zote walizotakiwa kusoma, na mke wangu akijua, masanduku yangefungwa siku hiyo hiyo. Njia iliyo sahihi ilionekana wazi: kuwashusha, kuziba upenyo, kupigilia dirisha misumari.

Nilisimama pale mpaka ndege waliporudi na mdogo akasimama. Nikafikiria asubuhi zetu, yeye chini ya meza, mimi na chaki. Nikaondoka bila kuwaita.

Saa kumi na moja kamili nilifungua mlango wa chumba cha nyuma. Walikuwa wamekaa na vitabu vyao, wanahema.

"Mmesoma?"

"Sana," alisema binti.

"Kesho," nilisema, "tutasomea juu."

Walitazamana. Nilifurahi kuona kwamba safari hii wao ndio wenye mashaka.

Sitadai kwamba ilikwenda vizuri. Siku ya kwanza nilipanda dunguni na ubao mdogo na ratiba mpya, niliyopanga kwa vipande vifupi, na ndege hawakufuata hata kipande kimoja. Walikuja katikati ya neno. Watoto waliruka, dungu likayumba, chaki ikaanguka chini. Mama jirani aliniuliza kutoka kwenye uwele kama nimekuja kuwasaidia ndege. Siku iliyofuata niliacha ratiba nyumbani. Nilibeba chaki mbili, nikaandika neno moja kila ndege walipotulia, na nikalifuta walipokuja, ili wakitulia tena liwe neno jingine. Nilifuta kwa sababu nilimshuku mdogo kwamba anakariri. Lakini alianza kuuliza, akiwa bado anahema, "Lile lilikuwa nini? Sikulimaliza." Hakuwahi kuniuliza hivyo mezani. Baadaye maneno yakawa sentensi. Imla ya dada yake tuliihamishia huko, na huko hakuwa na maswali kuhusu pampu.

Nilimficha mke wangu haya yote. Nilidhani ninamficha. Sanduku la pili lilipata daftari mpya na pea mbili za viatu, ndogo na kubwa.

Mvua za mwaka ule zilichelewa kukatika, kwa hiyo hata Bunge lilipokaribia mwisho, uwele ulikuwa umevunwa lakini mtama ulikuwa bado umesimama. Jumamosi moja alasiri mke wangu alikaa mezani, akasukuma vikombe pembeni.

"Niitie wanafunzi wako," alisema.

Binti alisoma ukurasa mzima bila kukwama. Zamu ya mdogo, alisoma maneno matatu, kisha akageukia dirisha, kisha akawa na goti moja kwenye kiti, kisha akawa chini akitafuta kifutio ambacho hakuna aliyekiangusha. Mke wangu alimsubiri. Alimwita mara moja. Mimi niliyatazama masanduku.

"Si hapa," nilisema. "Twende nje, huko ndiko anakosomea."

Hakuuliza ni wapi. Alivaa ndala, akatoka kwa mlango wa nyuma, akatangulia. Nilikuwa najiandaa kumwonyesha upenyo. Aliinama, akashika pindo la kanga lisinase kwenye miiba, akapita. Aliruka mtaro ulio upande wa pili bila kuutazama, ingawa nyasi zilikuwa zimeufunika. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeingia mtaro ule mara kadhaa. Nilisimama nikamwangalia mgongoni. Nilikuwa nimemshuku kwa kosa ambalo hakulifanya, na sasa nilianza kuliona alilolifanya.

Juu ya dungu alichukua chaki yangu. Hakutumia sentensi zangu. Aliandika yake, taratibu: Ndege wote ni wezi.

Mdogo alikaa, akakunja miguu. "Nde-ge," alisema. "Ndege wote..." Kundi likashuka upande wa kusini. Alifyatua udongo, dada yake akavuta makopo, wote wawili wakapiga kelele mpaka nikaziba masikio. Kisha akarudi, akakaa pale pale, kidole kwenye ubao mahali alipoachia. "...ni wezi." Akakunja uso. "Si kweli. Si wote. Kuku si mwizi."

"Kuku ndiye mkubwa wao!" mama jirani alisema kutoka chini. Kisha akamwona mke wangu. "Ee, mwenzangu! Leo umekuja na mwenye nyumba?"

"Leo kanileta yeye," alisema mke wangu.

Nilimgeukia. "Ni wewe uliyempa watoto."

"Aliniomba uwele ulipoanza kutoa masuke. Watoto wanaombwa kwa mama, baba watoto. Angekuomba wewe ungempa ratiba."

"Na hukuniambia."

"Wewe ndiye uliyekuwa nao kutwa. Nilitaka kuona utagundua lini kwamba hawapo." Alijifuta chaki kwenye kanga. "Nilikuwa nauliza kila jioni. Ukanijibu wanajisomea, wanajisomea. Nikaenda kununua masanduku."

"Kwa hiyo masanduku yalikuwa ya kweli."

"Ya kweli kabisa. Na ulipogundua, nilikuwa nangoja uwakokote warudi mezani. Jumapili nilikuwa napita hapa kwa huyu bibi, naye ananipa habari. Ungewakokota, sasa hivi wangekuwa kwa dada."

Watoto, wote wawili, walikuwa wanatazama mtama na kusikiliza kila neno. Mdogo hakugeuza kichwa. "Mama," alisema, "mtama ukivunwa nitakaa wapi?"

Lilikuwa swali zuri kuliko langu lolote. Mama jirani alisema ana mbuzi wa kuchungwa. Mke wangu alinitazama mimi. Nilisema tutaona, neno ambalo maishani mwangu nililiona kuwa la wavivu.

Jioni hiyo mke wangu alifungua sanduku la juu, akatoa miche ya sabuni, akaipeleka uani kwenye beseni la nguo. Viatu aliwavisha watoto, maana vya zamani vilikuwa vimewabana. Masanduku yenyewe bado yapo, moja juu ya jingine. Anasema ni ya kuwekea vitu, na nimeyafungua mara kwa mara kuhakikisha. Saa ya kujisomea nayo ipo, ila siku hizi nachungulia katikati.